Mgeni wa Tatu

Nusu fainali tuliishinda uwanjani Jumapili, mabao matatu kwa bila, na Jumatatu tukaambiwa twende tukaishinde tena kwa kinyozi. Ndivyo ilivyo ligi yetu ya bustani ya Flushing Meadows, huku ughaibuni Queens. Anayeshindwa kwa miguu anarudi kwa mdomo. Anapeleka pingamizi kwa rais wa ligi, na rais wa ligi ni Don Wilfrido, Mdominika mwenye saluni ya kunyoa kule Junction Boulevard. Saluni hiyo ndiyo mahakama, ndiyo bunge, na mvua ikinyesha ndiyo chumba cha kubadilishia nguo.

Mimi ni Zoila Guamán, mjumbe wa timu ya Nyota ya Azuay, yaani mkoa wetu wa nyumbani. Mume wangu ndiye aliyeianzisha, lakini mume wangu ni hodari wa kuanzisha tu. Kufua jezi, kubishana na marefa, kupika sufuria la mahindi baada ya mechi, kuwakumbusha watu wazima wenye ndevu kwamba soksi huvaliwa mbili, yote hayo yameniangukia mimi. Watu wanasema nina hasira. Sina hasira, nina timu.

Pingamizi lililetwa na Don Abundio, mjumbe wa timu ya Atlixco, Mmexico wa Puebla, mtu mfupi mwenye kofia kubwa na kinyongo kikubwa zaidi. Kanuni ya ligi inasema kila timu ichezeshe wageni wawili tu, na wageni maana yake wasio Walatino. Wangu wanajulikana mtaa mzima. Yupo Zbigniew, beki wa kushoto, fundi bomba kutoka Poland, na yupo Rafiqul, winga wa kulia, dereva wa teksi kutoka Bangladesh. Sasa Don Abundio anadai ninaye wa tatu. Anadai golikipa wangu, Wanderley, ni Mbrazili, na Mbrazili anasema Kireno. Ligi inaitwa Ligi ya Wahispano, na Mhispano ni mtu wa Kihispania. Kwa hiyo Wanderley ni mgeni, wageni wamezidi, ushindi ufutwe, Atlixco waende fainali badala yetu.

Niliposikia hayo nilicheka. Kisha nikamwona Wanderley, nikaacha.

Wanderley ana miaka arobaini na moja. Anaezeka mapaa, na magoti yake yanalia akipanda ngazi mpaka wenzake wanadhani ni ngazi. Daktari amemwambia msimu huu uwe wa mwisho. Kazini wanamwita Carlos, kwa sababu msimamizi alijaribu kutamka Wanderley mara moja akaona ni kazi ya ziada. Jumapili peke yake ndiyo siku anayoitwa jina alilopewa na mama yake. Tangu mwanangu Brayan alipokuwa mdogo anaokota mipira, huyu mtu anasimama golini kwetu, na hajawahi kucheza fainali hata moja. Alikuwa amekwisha kununua glovu mpya. Alizishika mkononi siku ile, nadhani bila kujua kwamba amezileta.

"Doña Zoila," aliniambia mlangoni pa saluni, "kama tatizo ni mimi, basi nikae pembeni. Timu iende."

"Wewe ingia ndani na unyamaze," nikamwambia.

Ndani Don Wilfrido alikuwa ananyoa mzee mmoja anayeitwa Don Fermín. Shavu moja lilikuwa limetakata, la pili lina povu. Zbigniew na Rafiqul walikuwa wamefika kutoka kazini na kukaa kwenye benchi. Brayan wangu, ambaye ndiye mshambuliaji wa kati, alikuwa kwenye kona na simu yake. Don Abundio alikuwa amesimama katikati ya sakafu, juu ya nywele za watu, kofia kichwani, kama wakili asiye na kesi nyingine maishani.

"Tumalize haraka," alisema Don Wilfrido, wembe hewani. "Wanderley, ndugu yangu, nijibu neno moja tu. Wewe ni Mlatino au si Mlatino?"

Mtu yeyote mwenye akili angesema ndiyo akaenda zake. Wanderley alijikuna kidevu.

"Mimi ni Mbrazili."

"Hilo tunalijua. Nauliza Mlatino."

"Kwetu hatusemi hivyo, Don Wilfrido. Kwetu Walatino ni nyinyi."

Nilimfinya. Hakusikia.

"Mimi Ulatino nimeukuta hapa," aliendelea. "Mwenye nyumba aliniambia mimi ni Mlatino. Msimamizi kazini akaniambia. Yule dada wa benki naye akaniambia. Nikaona watu wote hao hawawezi kukosea kwa pamoja, nikakubali. Si jambo baya. Ila kusema kweli, ni kama koti la kuazimwa. Joto linaleta, ila mikono mirefu."

"Amekiri," alisema Don Abundio. "Mbele ya mashahidi."

"Amekiri nini?" nikamgeukia. "Hebu na wewe ukiri basi. Wewe ni Mhispano?"

"Mimi? Mimi bibi yangu alikuwa anasema Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa kwetu. Hao Wahispania walimchapa viboko babu wa babu yake. Mhispano awe yeye aliyekuwa ameshika kiboko."

"Basi wewe ni Mlatino."

"Hilo neno la redioni. Mimi ni Mmexico. Tena si wa popote, ni wa Puebla."

"Don Wilfrido, na wewe?"

"Mdominika," alisema rais wa Ligi ya Wahispano, bila hata kugeuka. "Nukta."

Nikamuuliza Zbigniew, naye akasema anatoka Lublin. Nikamuuliza Brayan, naye bila kuinua macho akasema, "Queens." Mimi mwenyewe, ningeulizwa, ningesema Gualaceo, mji wangu kule Azuay, na ningegombana na jirani wa Cuenca ambaye angeniita Mkuenca.

"Samahanini," ilisema sauti kutoka kwenye kiti. Ni Don Fermín, na povu lake. "Kama mnatafuta Mhispano, mimi natoka Hispania yenyewe. Nimezaliwa kulekule."

"Wewe umetoka Ulaya, babu," alisema Don Abundio. "Wewe kaa unyolewe."

"Kwa jina la ligi yuko ndani," alisema Don Wilfrido taratibu, kama mtu anayeona nyufa kwenye ukuta wake. "Kwa kanuni yuko nje."

"Halafu mimi ni Mbaski," aliongeza Don Fermín. "Hiyo Hispania yenyewe hatuelewani nayo vizuri."

Don Wilfrido alimsukuma kichwa nyuma kwa kidole, akabaki ameshika wembe tu. "Ngojeni. Bango letu linasema Wahispano. Kanuni yetu inasema Walatino. Miaka yote hii hakuna aliyeliona hilo?"

"Bango uliliagiza wewe," nikamwambia.

"Walatino lilikuwa fupi. Lilibakiza nafasi upande wa kulia."

Hapo ndipo saluni ilipoharibika. Kila mtu akawa na kipimo chake. Don Wilfrido alisema Mlatino hujulikana kwa mama, kwamba mama wa Kilatino akikasirika anavua kandambili na hakosi hata ukikata kona. Zbigniew alisema kwao Lublin ulikuwa mwiko wa kupikia, na ulikuwa na shabaha ileile. Rafiqul, kwa Kihispania chake cha kuokoteza kwa abiria, alisema, "Mama yangu kandambili. Zote mbili, moja baada ya nyingine." Watu wakacheka sana, wakamwambia wewe ni mgeni, kaa. Don Abundio akasema mambo ya kandambili ni upuuzi, kinachotambulisha mtu ni jina la ukoo na kanisa.

"Vizuri," nikasema. "Nesi wangu anaitwa Villanueva. Anafunga Kwaresima kukushinda wewe. Anatoka Manila. Nimsajili?"

"Tusivuke bahari," alisema Don Wilfrido.

"Babu hapa amevuka bahari na umempaka povu."

Sasa mimi sikwenda shule nyingi, lakini kwenye soko la Gualaceo nimeuza kuku kwa mizani ya watu wengine tangu utotoni, na kitu kimoja nilijifunza. Usigombane na mizani. Mwache mwenzio achague, wewe hakikisha kuku wako anatosha kote. Nikasimama.

"Don Wilfrido, chagua kipimo unachotaka. Ukichagua ardhi, yaani mtu awe ametoka kule kwetu kusini, basi Wanderley ni wetu, wageni ni Zbigniew na Rafiqul. Wawili. Ukichagua lugha, haya, Wanderley mgeni. Lakini Zbigniew si mgeni tena. Zbigniew, sema kitu."

Zbigniew alisafisha koo, akasema kwa Kihispania kwamba amefurahi kuwa pamoja nasi jioni hii, na kwamba bomba la sinki la saluni linavuja. Alikisema kwa lafudhi ya kwetu kabisa, ile ya kuimba, maana amepanga chumba kwa watu wa Azuay tangu alipofika mjini na alijifunzia jikoni. Kama ungefumba macho ungemwona shemeji yangu.

"Huyo ni Mhispano mtupu," nikasema. "Basi wageni ni Wanderley na Rafiqul. Bado wawili. Pima utakavyo."

Zbigniew alishika kifua. Alisema lazima ampigie mama yake simu.

Don Wilfrido alianza kutabasamu, na mimi nilianza kuchukua mkoba wangu. Lakini nilimtazama Wanderley nikaona hatabasamu. Alikuwa anazikunja zile glovu. Maana kwa kipimo kimoja yumo, kwa kingine hayumo, na sisi tulikuwa tunampindua kama chapati. Nilijisikia vibaya. Kabla sijasema neno, Don Abundio alicheka.

"Na huyu?" Alikuwa anamwonyesha Brayan. "Huyu amezaliwa wapi, Zoila?"

Nilikaza mkoba wangu kwapani.

"Amezaliwa hospitali ya hapo Elmhurst, unaweza kuiona ukisimama mlangoni. Kwa ardhi, mgeni. Na lugha je? Brayan, mwanangu, niambie kwa Kihispania, ulifunga mabao mangapi jana?"

Brayan aliinua macho. Kihispania cha mwanangu kinaishia kwenye majina ya vyakula, na hapo penyewe anachanganya. Alimgeukia Zbigniew akamuuliza kwa Kiingereza, "Amesema nini?" Na Zbigniew, Mpoland wa Lublin, akamtafsiria mwanangu wa kumzaa maneno ya lugha ya mama yake.

Hata bomba la sinki tulilisikia.

"Kwa ardhi mgeni, kwa lugha mgeni," alisema Don Abundio. "Pima utakavyo, wa tatu unaye nyumbani kwako."

Niliumia, nasema kweli. Si kwa sababu ya fainali. Nimemnyonyesha, nimemfulia, nimemwimbia nyimbo zote alizoniimbia mama yangu, na sasa mtu wa kofia amemtoa nje ya mlango mbele yangu. Kwa hiyo nilifanya ninachofanya nikiumia. Nilimrudishia.

"Na wako watatu?" nikamuuliza. "Beki wawili na kiungo. Wamezaliwa hospitali gani?"

Don Abundio alishika ukingo wa kofia yake.

"Ukiwaita waje kula, wanakujibu kwa lugha gani?"

Nyani haoni kundule. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo, mwanawe wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha wapwa zake, kisha karibu timu nzima ya Atlixco, mpaka akabaki uwanjani yeye na kofia yake. Akaivua. Sikuwahi kujua kwamba ana upara.

"Wanangu si wageni," alisema.

"Kanuni unayoitaka wewe..." alianza Don Wilfrido.

"Kanuni ikalale huko. Wale ni wangu. Kila Jumapili wanaamka, baridi ya kukata masikio, wanavaa jezi ya Atlixco. Hawajawahi kuuona huo mji. Hawaujui hata kwa picha vizuri. Wanavaa jezi yake wanapigwa mateke kwa ajili yake mpaka wanavimba vifundo. Utamwitaje mtu wa namna hiyo mgeni? Mgeni gani anapigwa mateke?"

Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Don Fermín alikuwa ameinuka kwenye kiti ili asikie vizuri.

"Hebu rudia," alisema Don Wilfrido.

"Nirudie nini?"

"Anayeamka Jumapili, akavaa jezi, akapigwa mateke."

"Si mgeni. Ndiyo. Na atakayebisha nitamtoa nje."

"Wanderley," alisema Don Wilfrido, "umewahi kukosa Jumapili?"

"Moja," alisema Wanderley, ambaye hawezi kusema uongo hata akilipwa. "Nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya paa."

"Hiyo haihesabiwi," alisema Don Abundio. "Mtu akianguka paani..."

Alikuwa amesikia alichosema. Alitutazama mmoja mmoja, akaangalia kofia yake ndani, kana kwamba maneno yake yangeweza kurudi humo.

"Pingamizi limetupwa na mleta pingamizi mwenyewe," alitangaza Don Wilfrido, akapiga kopo la povu kwa kishikio cha brashi. "Nyota ya Azuay iko fainali."

Wanderley aliketi chini, palepale kwenye nywele, na kuvaa glovu zake. Brayan alipotafsiriwa alimwinua kwa kwapa. Don Fermín aliuliza kama sasa shavu la pili linaweza kushughulikiwa.

"Na mimi?" alisema Rafiqul.

Alikuwa amesimama karibu na benchi, funguo za teksi mkononi. Watu walitazamana. Kwa kweli na yeye huamka Jumapili, tena akitoka zamu ya usiku, na vifundo vyake nimevifunga bandeji mimi mwenyewe. Lakini ilikuwa jioni ndefu na kila mtu alikuwa na njaa.

"Wewe ni mgeni wetu mpenzi," alisema Don Wilfrido, akampiga bega. Rafiqul alicheka pamoja na wengine, kwa sababu amelelewa vizuri.

Fainali tulicheza na Wahonduras, jua kali, ukingo wa uwanja umejaa. Don Abundio alikuja na wanawe watatu. Alisema amepita tu, kisha akaketi juu ya boksi letu la barafu na kula mahindi yangu bila kukaribishwa.

Kipindi cha pili, Mhonduras mmoja alipiga shuti ambalo hata kuliita shuti ni kulipamba. Mpira ulijikokota kuelekea golini. Wanderley alipiga goti, na goti likakataa. Tobo. Mpira ulimpita katikati ya miguu, polepole, akiwa amenyoosha glovu zake mpya mbele kama mtu anayepokea sinia.

Ukingo mzima ulisimama. Don Abundio alipanda juu ya boksi. "Wanderley, magoti umeyaweka rehani wapi? Bibi yangu angeudaka mpira huo, na bibi yangu ni marehemu." Wengine wakaendelea na mama yake, shangazi zake, mji wake, na fundi aliyemshonea ile suruali. Mimi nilitoa maneno ambayo siyaandiki hapa. Wanderley alisikiliza hadi mwisho, akainua mkono kuomba radhi, akarudi mstarini kwake. Sijawahi kuona mtu aliyefungwa tobo akisimama wima namna ile.

Dakika chache baadaye Rafiqul alipata mpira mbele ya goli tupu. Kipa wao alikuwa amelala chini. Rafiqul akaupaisha, ukavuka goli, ukavuka uzio, ukaenda kuishi kwenye barabara kuu. Ukingo wetu ukapiga makofi. "Si mbaya, rafiki," walimwambia. "Umejitahidi. Vizuri, vizuri." Hata Don Abundio alipiga makofi, kwa adabu, kijiko mdomoni.

Wakati mpira mwingine unatafutwa, Rafiqul alikuja kunywa maji mbele yangu.

"Doña Zoila," alisema, "Wanderley amekosea, mmewataja hadi shangazi zake."

"Ni maneno ya uwanjani tu, usiyajali."

"Siyajali." Alifuta mdomo. "Mimi nimekosa goli tupu. Mmenipigia makofi."

Alirudishia kifuniko cha chupa na kuanza kukimbia kurudi upande wake. Nilitazama mgongo wake, ile jezi ambayo nimeifua msimu baada ya msimu, na nikaona aibu ikinipanda hadi masikioni. Nikaweka mwiko chini. Nikajaza kifua.

"Wewe Rafiqul! Punda wewe! Unaujua mji mzima, vichochoro vyote, hujawahi kumpoteza abiria, halafu goli la hatua tatu limekupotea? Huo mguu wa kulia ulipewa bure, au umeusahau kwenye teksi? Aliyekufundisha mpira alikuwa anauza samaki!"

Don Abundio alinitazama, akatoa kijiko mdomoni, akaelewa. "Na mama yake aliyemlea kwa maziwa yaliyoganda!" alipaza. "Na kijiji chake chote, pamoja na kuku!" Wanawe wakadakia kwa Kiingereza, Brayan akadakia kutoka katikati ya uwanja, Zbigniew akaongeza kitu cha Kipoland kilichosikika kibaya sana.

Rafiqul aligeuka. Alikuwa anakimbia kinyumenyume, mikono ameipanua, meno yote nje.

Tulifungwa moja bila. Rafiqul alikosa magoli mengine mawili kabla ya filimbi, na hakuna hata moja tulilomsamehe.